Nyimbo za Dini Zilizofungiwa Sandukuni

Liko neno ambalo twalisikia mara nyingi siku hizi, na kwa kuwa husemwa na watu wenye heshima, wengine wao wazee wa kanisa, limeanza kuaminiwa kama kweli. Husema hivi: ya kuwa mtu atafutaye santuri au kanda za nyimbo za Kikristo za miaka arobaini au hamsini iliyopita ni mtu asiye na kazi, ya kuwa nyimbo zile zimekwisha wakati wake, na ya kuwa kama zingekuwa na faida zingekuwa zikiuzwa madukani hata leo. Sisi twalikataa neno hili lote, tangu mwanzo hata mwisho, na hasa twalikataa lile fungu la tatu, maana ndilo lenye sumu. Wimbo haukuondoka dukani kwa sababu umekosa faida. Uliondoka kwa sababu mtu fulani, aliyekaa mezani na daftari lake la hesabu, aliona kwamba faida yake yeye haitoshi. Faida ya wimbo na faida ya mwenye duka ni mambo mawili, na ajabu ni kwamba Wakristo, ambao yawapasa kuyatenga mambo haya kuliko watu wote, ndio wanaoyachanganya.

Yafaa kwanza tuwajue hao watafutao, maana huchekwa na watu wasiowajua. Mwisho wa miaka ya 1960 vijana wengi wa California, nchi ya Marekani, waliokuwa wamewaacha wazazi wao na kuishi ovyo, walimwamini Kristo, nao wakaingia makanisani miguu mitupu na magitaa mikononi. Makanisa mengine hayakuwataka. Kanisa moja la Costa Mesa, liitwalo Calvary Chapel, liliwapokea, na mwaka 1971 mchungaji wake, Chuck Smith, alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Maranatha! Music, ili nyimbo zao zipate kutiwa katika santuri. Kabla yake, mwaka 1969, kijana Larry Norman alikuwa amekwisha kutoa santuri yake Upon This Rock kwa mkono wa Capitol, kampuni kubwa ya mambo ya dunia. Nayo Capitol ilipoona ya kuwa watu hawakuinunua kwa wingi ikamwacha aende zake. Baadaye zikatokea kampuni za nyimbo za dini tupu, Myrrh mwaka 1972 na Sparrow mwaka 1976, na kwa muda wa miaka ishirini hivi albamu za Kikristo zilimwagika kama mvua ya masika.

Vijana wale leo ni mababu na mabibi. Mmoja ataka wimbo uliokuwa ukipigwa usiku ule alipotubu. Mwingine aliozwa kwa wimbo fulani, na sasa mkewe amekufa, naye angependa usikiwe kaburini. Mwingine ni mtoto wa mpiga kinanda katika kundi lililotoa santuri moja tu, kisha likatawanyika. Huyo hajapata kusikia hata mara moja kazi ya vidole vya baba yake. Waenda katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, wapekua masanduku ya vumbi, waandika barua, waulizana kwa intaneti usiku na mchana: Je, yuko aliye nayo? Je, yuko aliyepata kuiona? Mtu akiisha kufahamu haya, na awaite tena wavivu kama aweza.

Na juu ya lile neno kwamba hesabu za duka zajua lililo jema, twapenda kuongeza habari moja ya huyo Norman. Aliyeachwa na Capitol kwa kutouzika alitoa santuri nyingine mwaka 1972, jina lake Only Visiting This Planet. Mwaka 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba santuri hiyo imetiwa katika orodha ya sauti ambazo taifa lapaswa kuzihifadhi. Mwenye daftari alikwisha kutoa hukumu yake, na baada ya miaka zaidi ya arobaini taifa zima likatoa hukumu nyingine.

Sasa mtu atauliza: Santuri hupoteaje? Nani huificha? Twajibu ya kuwa mara nyingi hakuna aifichaye, na hilo ndilo baya zaidi. Ili kutengeneza santuri hapana budi kuwe na kanda ya asili, yaani ule ukanda ulionasa sauti siku ya kuimba. Ukanda huo hukaa kwa kampuni, sandukuni, pamoja na karatasi za mapatano. Mwimbaji mara nyingi hana. Basi kampuni ikiuzwa, sanduku huuzwa pamoja nayo. Tutwae mfano wa Word, iliyoanzishwa na Jarrell McCracken huko Waco, Texas, mwaka 1951. Katika miaka ya 1970 ilinunuliwa na ABC, shirika la redio na televisheni. Mwaka 1992 ikawa mali ya Thomas Nelson, wachapaji wa Biblia. Mwaka 1997 ikawa ya Gaylord. Mwaka 2002 ikaingia mikononi mwa Warner. Sparrow nayo ilinunuliwa na EMI mwaka 1992, na EMI yenyewe ikamezwa na Universal mwaka 2012. Kila mara mali ihamapo, mnunuzi huwa anataka majina machache yanayouzika. Yaliyobaki humfuata kama makapi yafuatavyo nafaka. Makarani waliojua sanduku lipi lina nini waliachishwa kazi zamani. Ukimwandikia mwenye mali leo ukaomba santuri ya kundi fulani la mwaka 1974, yawezekana sana hajui kama ni yake. Lakini wewe ukithubutu kuinakili, hapo atakumbuka mara moja.

Hata akilijua sanduku, sanduku lenyewe si salama. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka katika viwanja vya Universal huko Hollywood, ukaunguza ghala iliyokuwa na kanda za asili. Habari kamili ya hasara hiyo haikujulikana na watu mpaka mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoieleza. Kampuni ilibisha, ikasema hasara si kubwa kama ilivyoandikwa. Na iwe hivyo. Sisi twauliza tu: Ni mali ya namna gani hii ambayo yaweza kuungua, na waimbaji wenyewe wasiambiwe kwa miaka kumi na mmoja?

Lakini habari iliyo nzito kupita hizi zote ni ile ya ndugu zetu weusi wa Marekani, na hapa twaomba msomaji asiharakishe. Tangu siku za vita kuu ya pili hata katikati ya miaka ya 1970, makanisa ya watu weusi yaliimba nyimbo za Injili kwa nguvu ambayo hata wapagani walisimama njiani kusikiliza. Ziko kampuni zilizowatia katika santuri, kama Peacock ya Houston, iliyoanzishwa na Don Robey, mtu mweusi mwenyewe, mwaka 1949, yenye makundi kama Dixie Hummingbirds. Hiyo nayo iliuzwa kwa ABC mwaka 1973, na ABC ikauza santuri zake kwa MCA mwaka 1979, nazo hatimaye zikawa katika milki ya Universal. Lakini makundi mengi mno hayakupata hata Peacock. Yalichanga fedha kanisani, yakalipa kiwanda, yakapewa santuri mia chache, yakaziuza mlangoni baada ya ibada. Zilipokwisha, zimekwisha.

Mwaka 2005 Bwana Robert Darden, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Waco, aliyepata kuwa mhariri wa mambo ya nyimbo za Injili katika gazeti la Billboard, aliandika katika New York Times kwamba sehemu kubwa ya santuri hizo zimepotea au hazipatikani. Makisio yake yalikuwa kama robo tatu. Robo tatu, wasomaji! Tajiri mmoja, Bwana Charles Royce, alisoma maneno yale, naye hakulia tu, bali alitoa fedha. Ndipo kazi ikaanza pale Baylor: kuomba santuri kwa watu, kuziazima kwa wasiotaka kuziachilia, kuzisafisha, kuzipiga picha pamoja na mifuko yake, na kuzitia katika kompyuta, kisha kumrudishia mtu santuri yake. Nani walizileta? Siyo kampuni peke yake. Walioleta nyingi ni wale wale watafutaji wanaochekwa, na wajane, na wachungaji waliokuwa na sanduku chini ya kitanda.

Na hapo Bwana Darden aliona jambo ambalo hakulitazamia. Santuri ndogo ina pande mbili. Upande wa kwanza huwekwa wimbo utakaopigwa redioni; upande wa pili huwekwa wimbo wowote. Alipoanza kusikiliza pande za pili, alikuta nyimbo za kupigania uhuru na haki za watu weusi, nyingi kuliko alivyodhani, zimeimbwa katika siku ambapo mtu aliweza kupigwa au kuuawa kwa kuimba vile. Baadaye aliandika vitabu viwili juu ya nyimbo hizo, vilivyotoka mwaka 2014 na 2016. Sasa fikirini: mfanya biashara atoapo upya nyimbo za kale, hutoa zipi? Zile zilizouzika, yaani upande wa kwanza. Ushuhuda wa watu wale ulikuwa umelala upande wa pili, na asingekuwako mtu wa kuihifadhi santuri nzima, na mikwaruzo yake, tusingejua neno. Hii ndiyo sababu hatukubali kwamba duka liwe hakimu wa wimbo upi uishi.

Hata hivyo hatutaki kuwasifu watafutaji wote kwa pamoja, maana wako miongoni mwao watu wa ajabu. Twasikia ya kwamba mtu hununua santuri ya kumsifu Mungu kwa dola mia au zaidi, nayo haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, kisha huiweka kabatini vivyo hivyo, imefungwa, asiipige hata siku moja, kwa sababu ikifunguliwa bei itashuka. Huyo na kampuni ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wameufukia wimbo, huyu kwa kuupuuza na yule kwa kuupenda vibaya. Tumwache na kabati lake.

Watu wenye busara zaidi hutuletea hoja nyingine, nayo yastahili kujibiwa kwa adabu. Husema: Mtenda kazi astahili ujira wake. Mwimbaji alitoa jasho. Mkinakili albamu yake mnamwibia. Sisi twaikubali hoja hii kwa moyo wote mahali pake. Albamu ikiuzwa, inunuliwe. Aliyenakili kanda ya mwimbaji aliye hai, inayouzwa dukani, akaiuza yeye sokoni kwa nusu bei, ni mwivi, hata kama kanda ile ni ya zaburi. Na Afrika Mashariki nzima yajua jinsi wezi hao walivyowafilisi waimbaji wetu wakati wa kaseti. Lakini hapa twanena habari za albamu isiyouzwa popote. Mwimbaji hapati ujira wowote kwayo. Mtu akiinunua kuukuu kwa dola hamsini, mwimbaji hapati hata senti. Mtu asipoipata kabisa, mwimbaji hapati kitu. Basi ujira upi unaolindwa hapa? Mwenye mali hauzi, hatoi, hataki wengine watoe. Kuna mfano wa mtumwa mmoja aliyepewa talanta akaichimbia shimo, nanyi mwajua bwana wake alimwambiaje aliporudi. Yule mtumwa walau hakuwazuia watumwa wenzake kufanya biashara na talanta zao.

Tena tusidanganywe kwamba hakuna njia nyingine ya kufanya. Marehemu Keith Green alikuwa mwimbaji wa Sparrow, na santuri zake ziliuzwa sana. Mwaka 1979 aliomba kampuni imfungue katika mapatano, maana aliona haya kuweka bei juu ya nyimbo zake; nayo kampuni, twaisifu kwa hilo, ilimfungua. Akaweka nyumba yake rehani apate fedha za kutengeneza santuri iliyofuata, iliyotoka mwaka 1980, akatangaza kwamba kila mtu atoe kadiri awezavyo, na asiyeweza apewe bure. Hata mwezi wa Mei 1982 alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya 200,000, na katika hizo kama 61,000 zilikwenda bure. Miezi miwili baadaye, tarehe 28 Julai, alikufa kwa ajali ya ndege huko Texas. Alikuwa na miaka 28. Hatusemi kila mwimbaji afanye kama yeye, maana wengine wana watoto wa kulisha na hawana nyumba ya kuweka rehani. Twasema tu kwamba yeye alitoa bure kitu ambacho wangalikinunua, na wengine wazuia kitu ambacho hawakiuzi.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi tarehe 11 Oktoba 2018 imeweka kwamba santuri zilizotolewa tangu mwaka 1957 hata tarehe 14 Februari 1972 zitalindwa mpaka tarehe 15 Februari 2067. Maana yake, kwaya iliyotoa santuri mwaka 1960 itakuwa imefungwa kwa miaka 107, na hakuna hata mmoja wa waimbaji wake atakayeona siku ya kufunguliwa. Twaona urefu huu hauna sababu. Lakini sheria iyo hiyo imefungua dirisha dogo, na watu wengi hawalijui. Mtu akitaka kuitumia santuri ya kabla ya siku hiyo ya 1972, si kwa biashara, na akiisha kutafuta kwa bidii na kuona haiuzwi na mwenyewe, aweza kupeleka taarifa katika ofisi ya hakimiliki. Mwenye mali amepewa siku 90 za kukataa. Asipokataa, mtu yule aweza kuitumia. Basi hata watunga sheria, ambao si mitume, wametambua kwamba mwenye mali anayeuza na mwenye mali anayelala si mamoja. Twashangaa kanisa halijasema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Kampuni nyingi za nyimbo hizi ziliitwa huduma siku zilipoomba maombi ya waumini. Je, zikiisha kuuzwa huwa duka tupu?

Labda msomaji amechoka na Marekani, aseme: Hayo ni ya Wamarekani, sisi hatukuwa na Word wala Sparrow. Ni kweli. Lakini tazama nyumbani mwako, ndugu. Kanda zako za kwaya ziko wapi?

Kwetu santuri hazikukawia. Wakati wetu mkuu ulikuwa wakati wa kaseti, hasa miaka ya 1980 na 1990. Kwaya za Kilutheri, za Kikatoliki, za Kianglikana, za AIC, za Kimoraviani na za Kipentekoste zilichanga nauli, zikaenda mjini, zikaimba mbele ya mashine siku moja au mbili, zikarudi na kanda. Ni nani asiyekumbuka kwaya za Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, mahali walipowekwa wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972? Watu walionyang'anywa nchi waliimba, na kaseti zao zikasafiri kupita walivyoweza kusafiri wenyewe. Kwaya ya Makongoro ya Mwanza, na Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama, Dar es Salaam, zilisikiwa katika mabasi, katika vinyozi, katika misiba. Leo kijana akitaka kanda ya kwanza ya kwaya ya usharika wake mwenyewe, aanzie wapi?

Kwetu kanda hazikupotea kwa sababu ya kampuni kumeza kampuni. Zilipotea kwa sababu hazikuwa na mwenyewe. Kanda ya asili ilibaki kwa fundi wa mjini, na fundi akafunga chumba chake, au akaitumia tena kwa kazi nyingine, maana kanda mpya ni ghali. Mwenye duka la kunakili alinakili mpaka nakala yake ikachakaa, hakuandika jina la mtu. Mwalimu wa kwaya alihamishwa. Mwenyekiti alijiuzulu kwa ugomvi wa sare, akaondoka na ufunguo wa kabati. (Ugomvi wa sare umeua kwaya nyingi kuliko ugonjwa wa koo.) Twajua usharika mmoja ambao kaseti yake moja tu iliyobaki, ya kwaya ya mwaka 1986, ilifutwa kwa kunasa hotuba za arusi. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walihitaji kaseti, nayo ilikuwa pale mezani.

Kisha wametokea watu wa intaneti. Wengine wao twawashukuru sana, maana wamezitoa kaseti za baba zao na kuziweka mahali ambapo kila mwenye simu aweza kuzisikia, na chini yake wameandika jina la kwaya, jina la mtungaji, na mwaka kama waujua. Na mara nyingi mzee fulani aliye mbali huandika hapo kwamba yule wa sauti ya tatu ni yeye. Lakini wako wengine wanaolifuta jina la kwaya, wakaweka jina lao na picha yao, wakajipatia fedha kwa matangazo. Hawa wasijifiche nyuma ya hoja zetu. Kuufungua wimbo uliofungiwa ni kazi njema. Kumvua mwimbaji jina lake ni wizi ulio mbaya kuliko wa fedha, kwa sababu fedha yaweza kulipwa.

Kwa hiyo twataka mambo haya, na twayataka sasa, maana kaseti haingoji. Kampuni na watu wote walio na kanda za asili za nyimbo za dini, hapa na ng'ambo, wazitoe ziuzwe. Nao wasiotaka kuziuza wawaachilie waimbaji, au watoto wao, wazitoe wenyewe. Dayosisi na majimbo yetu, yaliyo na kabati za kutunza vitabu vya ubatizo vya miaka mia, yatenge rafu moja kwa sauti. Twauliza kwa heshima: Jina la mtu aliyebatizwa mwaka 1931 limehifadhiwa, kwa nini sauti yake isihifadhiwe? Wala wasitishwe na neno hakimiliki wasipolielewa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, hulinda sauti iliyonaswa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Haki ya mtungaji wa maneno na tuni ni jambo jingine, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini mtungaji mara nyingi ni mwalimu wenu mstaafu akaaye kilima cha pili, naye angefurahi kuulizwa.

Nanyi wanakwaya, msingoje dayosisi. Kaseti ni ukanda mwembamba uliopakwa unga wa sumaku, nao unga huo hushikwa na gundi. Joto na unyevu huiharibu gundi, na ukungu huota juu yake. Basi kaseti isiwekwe dirishani, wala juu ya redio au spika, maana ndani ya spika mna sumaku. Isimamishwe kama kitabu, ndani ya kasha lake, mahali pakavu penye kivuli. Kabla ya kuipiga baada ya miaka mingi, ipelekwe mbele yote na kurudishwa mara moja, taratibu, ili ukanda ulegee usikatike. Siku ya kuinakili katika simu au kompyuta, msitumie redio yenye betri zilizochoka, kwa sababu ukanda utakwenda polepole na sauti za kina mama zitakuwa za wanaume. Unganisheni kwa waya, msinase kwa kuweka simu mbele ya spika huku kuku wanalia. Nakala ziwe tatu, nazo zikae katika nyumba tatu. Andikeni juu ya karatasi, kwa wino usiofutika: jina la kwaya, mahali, siku, mwalimu, mtungaji wa kila wimbo, na majina ya waimbaji wote, hata yule aliyefukuzwa.

Na kabla ya yote hayo, leo hii, kabla arusi nyingine haijafika: shikeni kaseti, mtazame ule ukingo wake wa nyuma, usio na ukanda ulio wazi. Kuna vijipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunjeni kwa ncha ya kisu. Mashine haitaweza tena kunasa juu yake.